Anakumbuka Kelele, Mshono Hakumbuki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nitangulize kusema mimi si mtu wa kulialia, ni fundi cherehani na nguo zangu zinajulikana, ila kitinda mimba wangu amenishinda, maana nimemfundisha kukata gauni kama mama yangu mkubwa alivyonifundisha mimi, yaani kwa kufokewa mpaka masikio yanawaka, na mimi kazi niliishika, lakini yeye kila akiinama mezani na mkasi anasahau kuacha nafasi ya mshono, nguo inambana mteja kwapani, nafoka, kesho anarudia yale yale, halafu cha ajabu siku niliyomfokea mbele ya bibi harusi anaikumbuka yote, hata rangi ya mwavuli wa yule dada, hata doa lililokuwa kwenye aproni yangu, na sasa nimegundua kwamba jioni hupitia kwa fundi jirani, yule mpole asiye na haraka, na huko anakata vizuri bila kukosea, na juzi kaniambia, "Mama, Jumatatu nahamia kule," na duka hili nimelijenga nije nimwachie yeye, basi niambie, nimpige marufuku, au huyo jirani kamfanyia mwanangu dawa?

Mama Fundi

Mama Fundi, dawa ya jirani yako naijua, inaitwa kunyamaza. Pole kwa uchungu ulio nao, ni uchungu wa kweli, lakini hili umelishona mwenyewe.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, umbo lake kama lozi, inayoshughulika na hofu na hisia nyingine nzito. Ikiamka, huihimiza sehemu jirani yake inayotunza kumbukumbu, na viungio kati ya seli za ubongo hukazwa. Kilichokazwa hivyo hakitoki upesi. Kwa hiyo mwanao si mzito wa kichwa hata kidogo. Ubongo wake siku ile ulihifadhi hatari, na hatari ilikuwa wewe na aproni yako. Nafasi ya mshono ilipita pembeni, kwani hofu ikizidi, mafunzo madogo madogo hayapati pa kukaa. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: sasa akisogelea meza yako tu, anakusikia kabla hujafungua mdomo.

Usiniambie wewe ulifokewa ukajua. Naamini mama yako mkubwa siku nyingine alikusifu, ila hilo hukuniandikia. Furaha nayo hukaza viungio, tena bila kumfukuza mtoto dukani.

Basi fanya hivi. Mwombe radhi leo, mkiwa wawili tu, na neno "lakini" lisikutoke. Mpe kitambaa cha bei ndogo akate, wewe nenda zako ukanywe chai. Akipatia, msifu papo hapo. Mara moja haitatosha. Hofu uliyoijenga kwa miezi haitavunjwa kwa asubuhi moja. Jirani usimguse, maana bila yeye mwanao angeshaichukia kazi yenyewe.

Na Jumatatu akishikilia kuondoka, mwache aende. Siku hiyo nyote wawili mtakuwa na moyo mzito, kwa hiyo ataikumbuka mpaka uzeeni. Anza sasa kufikiria utakachomwambia mlangoni.