Pacha Hafi, Huruka

Jumatatu, 1 Septemba

Kesi ya mpaka wa shamba tena. Asubuhi nzima. Wakili mmoja kasema "sanction", nikatafsiri idhini. Mwenzake akainuka kwa hasira, eti ni adhabu. Wote wawili wana kamusi, na kamusi zote mbili zinawaunga mkono. Wakabishana mpaka mzee mwenye shamba akasinzia kwenye benchi. Mimi nikanywa maji yangu.

Wiki jana lilikuwa "oversight". Kusimamia kazi, na pia kupitiwa na kazi. Msimamizi na mzembe wanagawana neno moja na hakuna anayeona haya. Halafu mtu akiniuliza kwa nini natoka kazini kichwa kinauma.

Hakimu kasema kesho atanihitaji. Mwanamke wa upande wa Uganda, hajui lugha nyingine ila Kipadhola. Katika korti hii ya Busia Kipadhola ni mimi peke yangu. Karani Mjaluo hudai anakielewa. Anaelewa nusu, nusu anabuni.

Rajabu kaleta omena, dagaa wale wa ziwani. Mume wangu akifurahi hununua omena, akikasirika pia hununua omena. Tumekula.

Jumanne, 2 Septemba

Anaitwa Athieno. Kwao Iyolwa. Amepanga chumba upande huu wa Kenya, anauza viazi vitamu sokoni. Alikuwa na pacha, wasichana, wanaanza kutembea. Mwezi uliopita majirani walimwona akitoka nao, mmoja kamfunga mgongoni, mwingine kifuani. Akapanda boda, akavuka kwenda kwao. Akarudi na mmoja.

Hakulia. Hakuketi matanga. Siku iliyofuata alikuwa sokoni anacheka na wateja. Jirani akaenda polisi. Polisi wanasema mtoto kauzwa. Yule aliyebaki wamempeleka makao ya watoto mpaka mama aeleze. Athieno anataka mtoto wake arudishwe. Hana ombi lingine.

Hakimu akauliza majina yao. Aliyebaki ni Adongo. Mwingine ni Apio. Nikatafsiri kwa sauti ya kazi, kama vile majina hayo hayanihusu.

Kwetu majina ya pacha hayachaguliwi. Msichana akitangulia ni Apio, akifuata ni Adongo. Mimi ni Adongo. Mtu wa kwetu akisikia jina langu huuliza papo hapo: na Apio yuko wapi? Nimeulizwa maisha yangu yote. Sokoni, kanisani, siku ya harusi yangu. Jibu nilifundishwa na mama kabla sijajua kufunga kamba za viatu: karuka.

Athieno naye akajibu hivyo hivyo. Karuka. Nikatafsiri nilichosikia.

Mwendesha mashtaka akauliza, "Aliruka na ndege ya asubuhi ama ya jioni?" Korti nzima ikacheka. Athieno hakuelewa wanacheka nini. Akanitazama mimi. Nilitamani kumzaba yule bwana kofi.

Jumatano, 3 Septemba

Nilieleze neno hilo hapa, maana kule kortini siruhusiwi.

Pacha kwetu hafi. Wengine wanaweza kufa, jirani, mjomba, hata chifu. Pacha huruka. Akiruka hakuna kilio. Anazikwa kimya, bila tuta, na mama anarudi kwenye jembe lake siku hiyo hiyo. Mtu akimtania, anacheka. Kwa sababu yule aliyebaki anasikiliza. Akisikia kilio, au akisikia lile neno lingine likitajwa pamoja na jina la mwenzake, atamfuata.

Kwa hiyo Athieno alicheka sokoni ili Adongo aishi. Na kwa kicheko hicho wamemnyang'anya Adongo.

Jana nilijaribu kumweleza hakimu. Akanikatiza kwa upole. Mkalimani hutafsiri, hatoi ushahidi. Ni kweli, niliapa hivyo. Hakimu ni mama mstaarabu, sina neno naye. Ila nimelala vibaya.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku mbaya.

Nilikuja nimejiandaa kwa Kiingereza. Nilitaka neno lililojifunika kama lile la Athieno, lisilosema uongo wala kulitaja lile jingine. "Late", yaani marehemu, nililiacha nyumbani, liko uchi mno. Nikasema "gone". Mwendesha mashtaka: kaenda wapi? Nikasema "passed". Akauliza kapitia kituo gani cha mpakani. Nikasema "lost", na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana akasimama na kushukuru: basi mama amekiri kupoteza mtoto na hakuripoti popote. Hakimu akaifuta kauli hiyo. Akanikumbusha nisichague maneno kama mtu anayechagua nyanya.

Wakamwita mwenyekiti wa kijiji kutoka Iyolwa. Mzee wa watu kasafiri tangu alfajiri. Akaapa, akaulizwa mtoto yuko wapi, akavua kofia na kusema: karuka. Mwendesha mashtaka akaketi. Hata yeye hakucheka tena. Alionekana kama mtu aliyechezewa na kijiji kizima.

Hakimu akasema yatosha. Akaniagiza nimwulize Athieno swali moja kwa lugha yake, ajibu ndiyo au hapana: Apio alikufa?

Swali jepesi. Maneno mawili. Niliyajua yote mawili.

Mdomo ukakataa. Nilisimama pale natazama meza. Sijawahi kuyasema pamoja, wala kuyasikia. Apio ni wake, lakini pia ni wangu. Nikasikia baridi upande wa kushoto, ule upande ambao mama husema ndiko alikolala mwenzangu tulipokuwa tumboni. Nikasema naumwa kichwa.

Kesi imeahirishwa hadi Jumanne. Afisa wa watoto akasimama na kusema mtoto anakataa uji. Athieno hakuambiwa, kwa sababu wa kumwambia ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshaketi.

Naona aibu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimevuka kwenda Mulanda kwa mama. Pale Tororo dereva wa boda akaniita, "Mama, wewe nakwenda Mulanda? Panda, mimi najua kwenu." Njiani akauliza jina. Nikamdanganya. Nikajiita Akoth.

Mama alikuwa anapepeta karanga. Yeye hunipa kila kitu viwili viwili, mayai mawili, mikeka miwili, nikiwa mtoto magauni mawili na moja sikuruhusiwa kulivaa. Leo kanimenyea ndizi mbili. Nikala zote, nikamweleza.

Ungo ukamtoka mkononi. Akasema mwingine aulize. Nikasema hakuna mwingine. Akasema basi wanyamaze wote, korti ifungwe, hakimu arudi kwao. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau: "Mimi nimekaa miaka yote hii bila kumlilia hata tone. Kumbe nilikuwa nakutunza ukajiue mbele ya wazungu weusi?"

Hakuna wazungu weusi pale. Sikumsahihisha. Tuliokota karanga wote wawili.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Benchi limejaa, watu wamebanana, na kushoto kwangu pana nafasi ya mtu mmoja. Mama mmoja kachelewa, kapita benchi zote, kaiona ile nafasi, kaenda kusimama nyuma. Labda hakuiona. Labda ana sababu zake. Mimi nilisogea kulia kidogo kila wimbo, mpaka aliye kulia kwangu akanikata jicho.

Sitaki kuamini mambo haya. Nimesoma. Ila kuamini na kuogopa si mtu na mkewe, huishi nyumba tofauti.

Rajabu hunitania kila siku kwamba alioa wawili kwa harusi moja. Leo hakutania. Akasema, "Liseme tu, Adongo. Roho iko kwa Mungu, haiko kwa neno." Nikamuuliza kama yeye angelitamka neno hilo kuhusu mamake mzazi angali hai. Akatoka kwenda kuangalia lori lake.

Jumatatu, 8 Septemba

Afisa wa watoto kaniita makao. Mtoto hali, hasemi, wanataka asikie lugha ya kwao.

Nilimkuta kwenye mkeka. Kakonda. Uji uko mbele yake umeganda utando. Nikamsalimu kwa Kipadhola, akaniangalia mara moja, kisha akaangalia kando yangu. Kushoto. Akabaki anaangalia huko. Niligeuka. Ukuta.

Nikaomba kikombe cha pili. Yule dada wa jikoni akaleta bila kuuliza. Nikamimina uji kwenye vikombe viwili, kimoja mbele yake, kimoja pembeni yake pasipo na mtu. Akavitazama. Kisha akanywa. Wote, mpaka akalamba kikombe. Afisa akapiga makofi kwa furaha. Mimi nilitoka nje nikashika mlingoti wa bendera.

Huyu mtoto hawezi kukaa pale akitegemea mtu wa kumwekea kikombe cha pili. Kwa mamake hata haombi. Na anayemzuia kurudi kwa mamake sasa si polisi. Ni mimi na kichwa changu kinachouma.

Naogopa sana. Nitalisema.

Jumanne, 9 Septemba

Nimelisema.

Sikungoja nikumbushwe. Hakimu aliporudia swali nilimgeukia Athieno. Aliniona usoni kabla sijafungua mdomo, akainua mikono azibe masikio, akachelewa. Nikauliza kwa lugha yetu, kwa sauti ambayo karani alinisikia hadi kwake: Apio alikufa?

Korti ilikuwa na watu wengi na hakuna aliyejua uzito wa maneno hayo isipokuwa sisi watatu, yeye, mimi na yule mwenyekiti. Mwenyekiti alitema mate chini. Askari akamkemea.

Athieno akatikisa kichwa, ndiyo. Kisha akalia. Si machozi ya kizimbani ya kumwomba hakimu. Kilio cha matanga, kile kinachotoka chini ya mbavu, alichokuwa amekifungia tangu siku ile. Alilia mpaka akaketi sakafuni. Akamtaja mtoto. Akasema homa ilipanda njiani, ya kwamba alipofika kituo cha mpakani tayari alikuwa amebeba mmoja aliyepoa na kuwa mzito kuliko mwenzake, na ya kwamba aliwasalimia maafisa huku anatabasamu. Nilitafsiri kila neno. Sauti yangu ilikuwa nzima kabisa, sijui ilitoka wapi.

Kwa Kiingereza nilisema "dead". Hakuna aliyeniuliza maana yake.

Mwenyekiti naye akaulizwa, akakubali kwa kichwa. Mwendesha mashtaka akasema hana zaidi, akakusanya karatasi zake bila kumtazama mtu. Nadhani naye ana watoto.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekohoa mara kadhaa. Vumbi.

Rajabu ameniangalia nikivuka barabara. Alidhani simwoni.

Ijumaa, 12 Septemba

Uamuzi umetoka. Mashtaka yamefutwa, mtoto karudishwa kwa mamake. Walimleta pale uani. Athieno hakukimbia. Alimwendea taratibu, akamchukua, akamnusa kichwani, akamfunga kifuani.

Nilisogea kumpongeza. Akavuta kitambaa, akamfunika mtoto masikio. Sikukasirika. Hata mimi ningefanya hivyo.

Alikuwa ananipita, kisha akasimama. "Dada," akasema, "siku ile, ulimtaja wangu au wako?"

Hakungoja jibu. Boda ya kwenda mpakani ilikuwa imewashwa.

Afisa wa watoto kaniomba niwe nampigia Athieno simu huko Iyolwa kujua hali ya mtoto, maana lugha ni mimi. Nikakubali haraka mno. Alidhani ni moyo mwema.

Jumatatu, 15 Septemba

Mwenyekiti ndiye aliyemwambia mama. Mulanda na Iyolwa si mbali kwa habari mbaya. Mama hakunigombeza. Amepiga simu jana, na leo tena, anauliza nimekula nini, nimelala vipi, kifua kikoje. Nikichelewa kupokea namkuta anahema.

Leo nikamwambia nimelia. Ni kweli. Nilikuwa natafsiri kesi ya mbuzi, mbuzi tu, wa mtu na shemeji yake, machozi yakaanza. Hakimu akanipa mapumziko. Nikaenda nyuma ya korti kwenye mapipa ya maji, nikasema kwa Kipadhola, bila mtu kuniagiza: Apio alikufa. Nikamlilia. Miaka arobaini na ushee, na sijui hata alikuwa na sura gani. Yangu, nadhani.

Mama akauliza kama kuna aliyenisikia. Nikasema hakuna. Akauliza yeye sasa anaruhusiwa kufanya nini. Nikasema sijui, mama. Nikamsikia anaanza kulia, akakata simu.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Korti haina kesi yangu leo.

Mama kapiga. Nikamjibu, nipo.

Kisha nikampigia Athieno. Siku zote hupokea na kusema "yupo", basi. Leo hakusema kitu. Nikauliza mtoto yukoje. Nikauliza tena, nikasikia simu inasogezwa, kitambaa kinafunuliwa. Alikuwa amemwekea mtoto simu mdomoni.

Nikamsikia anapumua. Tulikaa hivyo mpaka salio likaisha.