Ngoma Kubwa ya Nyemo

Mama Lameki, mke wangu,

Mimi mwenye miaka themanini na mbili, niliyevuka njaa tatu na kuzika ndugu zangu wote, nakusalimu toka Dodoma. Huku ni upepo na vumbi, ila mimi ni mzima.

Leo nimeona gwaride la polisi. Mjukuu wetu Nyemo, yule niliyesema hatadumu kwenye bendi hata mwezi, kabeba kifuani ngoma kubwa kama pipa. Kila akiipiga, askari wote wanashusha mguu wa kushoto. Hata mkubwa wao mwenye upanga anakanyaga anapotaka Nyemo!

Baadaye yule mkubwa akaja. "Shikamoo babu. Binti huyu kafundishwa wapi?"

"Marahaba. Kwangu!"

Nyemo akacheka. "Babu, sema kweli! Bibi ndiye aliyenifundisha, kwenye muheme, ngoma ya akina mama."

Basi nikasema kweli, ni wewe uliyembanisha ngoma magotini angali mdogo. Umenishinda, ila usiwatangazie majirani.

Mungu akutunzie mikono hiyo. Ukidhani naongopa, muulize katekista Mathayo tukirudi, alikaa kushoto kwangu. Kila ngoma ilipolia nami nilishusha mguu wa kushoto, juu ya wake, na mpaka sasa anachechemea.