Uzi Chini ya Glavu

Fairfield, Sydney
29 Agosti 2021

Mama yangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Natumaini u mzima na mgongo umepata nafuu. Msalimie sana dada Bibiane na watoto. Sisi tumefungiwa tangu mwezi wa sita, tunatoka kwenda kazini tu, ila corona haijaingia nyumbani kwetu.

Mama, ndoa ni tamu! Balagizi wangu ananimenyea machungwa, anaimba akiosha vyombo. Hata kiwandani, katikati ya kelele za mashine za kufuma mashuka, alikuwa akigeuka kunikonyeza, nami nasahau dunia.

Nilimsimulia mgomo wenu wa kiwanda cha nguo pale Kalemie: kila aliyekubali alifunga uzi wa bluu mkononi, asubuhi mkatazamana, mkajua mko wengi, mkazima mashine pamoja. Aliipenda mno hadithi hiyo. Huku mwenzetu Goreth aliambukizwa kazini, akakaa nyumbani bila mshahara, na meneja akasema hilo halimhusu. Basi Balagizi akagawa nyuzi wakati wa chai, tugome Alhamisi ili anayeugua alipwe. Karibu wote walichukua. Mzee Callixte alimtania kwamba mke mmoja hamtoshi, sasa anaoa kiwanda kizima.

Alhamisi tulikuta meneja ameleta magauni ya plastiki ya mikono mirefu, na glavu. Tukavaa. Hakuna aliyeona mkono wa mwenzake, na kwa barakoa hata uso huusomi. Saa tuliyopatana ilipofika, Balagizi akazima mashine zake. Zikanyamaza zake tu. Akasimama akitutazama, na kila mmoja alimsubiri mwingine. Alifukuzwa kabla ya chakula. Callixte alilia baadaye, akisema alidhani ni yeye peke yake aliyebaki na uzi mkononi.

Mama, mimi pia sikuzima. Aliponitazama niliinamia kitambaa. Na Ijumaa meneja alinipa mimi mashine zake. Nilitaka kukataa, lakini mume wangu akasema, “Zishike wewe, mke wangu. Nisisikie ziko kwa mtu mwingine.” Sasa ananifungia chakula, ananisindikiza, na kabla ya lango anageuka arudi ili wasimwone. Haimbi tena.

Ulinisimulia tu jinsi mashine zilivyonyamaza. Je, alikuwepo mwanamke aliyebaki kazini na mumewe amefukuzwa? Asubuhi aliingiaje? Jioni alirudi akamwambia nini? Nijibu upesi, Mama, hapa hapa kwenye simu, maana kesho ni Jumatatu.

Nakukumbatia, na mkweo anakusalimu. Hajui nimekuandikia haya.

Binti yako akupendaye,
Lydie