Jiwe la Mama Kalondu

Kyuso

Mpendwa dada Mwende,

Huku jua ni kali na tunakula ndengu kila siku, lakini mimi niko salama. Profesa wetu alituleta kutafuta jiwe lililoanguka kutoka angani, tukalipata shambani kwa Mama Kalondu. Profesa akaniambia, "Mwambie kwa Kikamba halina maana, atupatie tu." Nikakataa. Nikamwambia mama ukweli, kwamba limetoka mbali kupita mwezi na wasomi wanalitafuta dunia nzima.

Mama akalikalia. "Basi kateni kipande kidogo. Linalobaki ni langu."

Wamekata, na kesho profesa ananirudisha Nairobi. Sijutii hata kidogo. Mambo ya sayari nitayasoma, apende asipende.

Nakumbatia nyanya na watoto wote.

Mdogo wako, Syombua