Kompyuta Yako Niliyoisafisha

Mwanangu Hamisi,

Huko uliko siwezi kukuuliza hali, kwa hiyo naanza na kinyaa kilichonikaa kooni tangu arobaini yako.

Unakumbuka siku ile hapa uani Mnyambe, nakaanga korosho, ukanipiga video kujaribu kamera mpya? Umepiga video harusi za watu Newala mpaka Masasi, lakini sauti yako mwenyewe imebaki kwenye video hiyo moja tu.

Siku ya arobaini tulifua nguo zako tukazigawa. Mimi nikaona kompyuta nayo isibaki na uchafu. Ile karatasi uliyoibandika ubavuni niliisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikatoka. Sikuisoma. Unajua nasoma kwa kuburuta kidole, nikaona uvivu. Halafu nikaipeleka kwa fundi mmoja Masasi, nikamwambia anisafishie na ndani. Akaweka programu zote mpya, video zako hakuzigusa, nami nikafurahi!

Nyumbani nikaibonyeza ile video ulivyonifundisha. Nikajiona nimechutama uani, nikakusikia: "Mama, usiangalie kamera..." Kioo kikajaa mistari ya kijani kama kamasi, programu ikajifunga. Nikarudia. Palepale. Simu ya dada yako nayo ilikataa kuifungua video hiyo, eti aina yake haiijui. Wiki nzima nakusikia maneno matatu, kisha yale makamasi. Kijani kile kilinichefua hata mboga sikutaka kuiona.

Nikamrudia fundi. "Mama Hamisi, mashine imekufa hii. Niachie nitoe spea." Imekufa! Ananiambia mimi neno hilo, mdomo umejaa chapati, mafuta yanamtiririka kidevuni. Nikaibeba hiyohiyo mpaka Newala kwa Somoe, mwenzio wa kupiga video za harusi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Hebu itazame."

Akaiwasha, akatazama, akafyonya. "Draiva ya video kabadilisha nani?"

"Ndo nini hiyo?"

"Programu inayoielekeza kompyuta namna ya kuonyesha picha. Kadi ya video humu ni ya zamani, haipatani na draiva mpya, ndo maana programu inajifunga. Hamisi alijua. Aliniambia kaandika na karatasi ubavuni, mtu asiibadilishe."

Nilitamani kutema mate, na wa kutemewa ni mimi.

Somoe akaiwasha kwa njia ya dharura, ambamo ile draiva mpya haifanyi kazi. Akaiondoa, akarudisha ya zamani uliyomwachia kwenye flashi yako. Akazima, akawasha tena. "Haya Mama, bonyeza wewe."

"Mama, usiangalie kamera, angalia korosho, zinaungua!"

Kisha sauti yangu, inakwaruza kama sufuria: "Nitolee takataka yako hapa!"

Nawe ukacheka, ukacheka mpaka picha ikatikisika.

Takataka. Hamisi, sauti yangu ilinikera kuliko chapati ya yule fundi. Nimeirudia mara nyingi nikitafuta kama ulikasirika. Hukukasirika. Unacheka tu, kila mara.

Sasa kompyuta iko chumbani kwako na vumbi lake. Juzi dada yako alikuja na kitambaa, nikamfukuza. Karatasi nimeandika upya, herufi moja moja, nimeibandika palepale ulipoibandika wewe: USIGUSE.

Pumzika, mwanangu. Kesho nitakuja kukusikiliza tena.

Mama yako, aliyeunguza korosho