Kahawa ya Wageni

Koku, uko? Nimetoka kliniki ya sukari sasa hivi. Nasubiri gari hapa mjini, macho mekundu, watu wananitazama kama nimefiwa tena.

Si unajua nilivyoenda na kiburi? Sukari kwenye chai nimeacha, ndizi napima. Nilikuwa nangoja zawadi ya mgonjwa bora. Waitu!

Daktari akasema sukari si mbaya, ila presha imepanda na moyo unakwenda mbio. "Mama, unalala?"

Nikamjibu nalala kama malkia. Akanitazama mdomoni. "Na unatafuna nini?"

AKAMWANI, Koku! Natafuna punje za kahawa mbele ya daktari! Nikamwambia ni ya kukaribishia wageni tu, naonja. Naonja tangu asubuhi mpaka napanda kitandani, halafu nashangaa usingizi umeenda wapi.

Akasema kukosa usingizi, na huzuni isiyoisha, vinauchosha moyo, na sisi wa kisukari ndio tunaumia zaidi. Huzuni gani? Mimi? Tangu mume wangu Rutashobya azikwe nina raha tele. Nyumba nzima ya Kitendaguro ni yangu na mijusi.

Basi akauliza, taratibu kabisa: "Mama, kahawa ya wageni unaimaliza wewe. Wageni wenyewe wako wapi?"

Wageni wako wapi! Nikalia, Koku. Machozi, kamasi, yote juu ya meza yake.

Sasa nisikilize. Huko kwako Ijumbi si Ulaya. Njoo Jumapili. Kahawa ya kukupa sina, lakini njoo hivyo hivyo.