Mito Mitatu ya Mukarugwiza

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kigali. Tarehe 13/3/2025, saa 4:10 asubuhi.
Jina: Gaju Illuminée. Umri: miaka 36. Kazi: muuguzi. Makazi: Masaka, Kicukiro.

Nimekulia Ngara, Tanzania, kwa hiyo nimeomba kuandikiwa kwa Kiswahili. Nafanya kazi katika kliniki binafsi ya Dkt. Ntare Bertrand, anayepunguza watu unene kwa kuwakata sehemu ya tumbo.

Mnamo tarehe 11 Machi 2025, saa moja asubuhi, nilimpokea Mukarugwiza, muuza vitenge wa soko la Kimironko. Diaframu yake, ule msuli unaovuta pumzi, ilikuwa imepooza, na unene ulizidi kumbana. Alitaka upasuaji ili apumue. Barua ya daktari wa mapafu ilikataza kumlaza chali hata kidogo. Niliisoma. Dkt. Ntare pia aliisoma.

Dada yake, Béatha, alikuja kama mrwaza, yaani ndugu wa kukaa na mgonjwa na kumuuguza, amebeba mito mitatu. Aliniambia, "Dada, huyu halalaki chali. Iko analala kwa kukaa, mimi nyuma yake." Dkt. Ntare alimtoa nje. "Warwaza na mito yao wananiharibia picha." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Béatha aliyewajua alifungiwa mlango.

Upasuaji ulikwisha salama saa sita na nusu mchana, kitanda kikiwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Saa saba na dakika kumi, mgonjwa hajazinduka vizuri, daktari aliingia na simu kupiga picha za matangazo. Akasema, "Shusha kitanda, tumbo lionekane."

Nilikishusha.

Mukarugwiza alinishika kidole. Midomo yake ikabadilika rangi. Daktari akapiga picha ya tatu. Nilikiinua kitanda bila kuambiwa, tukahangaika naye, lakini saa saba na dakika arobaini alifariki.

Saa tisa daktari aliniletea faili niandike kwamba mgonjwa alikuwa ameketi muda wote. Alikuwa anatafuna sambusa, mafuta yakadondokea jina la marehemu. Nilisikia kinyaa, nikamrudishia faili. Sikuandika.

Msinisifu kwa hilo. Kinyaa hakijaniisha, na sehemu yake najionea mimi mwenyewe. Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, na mkono ninaotia nao sahihi ndio ulioshusha kitanda.

Sahihi: Gaju I.

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Nilimuuliza kama sentensi ya mwisho ibaki. Amesema ibaki. Mito mitatu imepokelewa kutoka kwa Béatha kama kielelezo.
Insp. Mugenzi Norman